Dinari Mbili na Ahadi ya Kurudi: Uhakiki wa Mahubiri Yetu Juu ya Kukatwa kwa Misaada ya Afya

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 mimbari zetu za Nyanda za Juu Kusini zimepata jambo jipya la kuhubiriwa, nalo ni kukatwa kwa misaada ya afya kutoka nchi za nje. Tumeyasikiliza mahubiri hayo mjini na vijijini, katika sharika zenye kwaya nne na katika mitaa midogo ya mwambao wa Ziwa Nyasa ambako waumini hukaa juu ya mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo. Mengine yalitujenga. Mengi, tukubali, yalituacha na wasiwasi. Makala hii haikusudii kuwaaibisha wahubiri, ambao wengi wao ni wanafunzi wetu wa zamani. Yakusudia kuzipima hoja zao kwa maswali mawili ambayo chuo cha theolojia hakiwezi kuyakwepa. Je, hoja hizi zinasema kweli juu ya Mungu? Na je, zinasema kweli juu ya mgonjwa?

Mahali tulipopachagua pa kupimia ni Kasumulu. Huu ni mji mdogo wa wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, penye daraja la Mto Songwe na kituo cha forodha kati yetu na Malawi. Mpaka huo ulikubaliwa Ulaya, katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, nao ulipita katikati ya watu wanaoelewana kwa lugha na kuoana, Wanyakyusa upande huu na Wangonde upande wa pili. Malori husimama pale kungoja karatasi, na dereva anayengoja hula, hunywa na hulala. Akina mama huvuka na mchele wa Kyela na mafuta ya mawese. Vijana wa bodaboda hubeba mizigo na abiria. Wabadilisha fedha hukaa na mabunda ya shilingi na kwacha. Mji wa namna hii ni njia ya riziki, na kwa sababu iyo hiyo ni njia ya maradhi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini kuwa asilimia 4.4, mkoani Mbeya kilikuwa asilimia 9.6, na mikoa iliyouzidi ilikuwa Njombe na Iringa. Mchungaji wa mpakani hahitaji kuonyeshwa tarakimu hizi. Anacho kitabu chake cha mazishi.

Yafaa tukumbushane kwa kifupi jinsi tulivyofika hapa, kwa maana mahubiri mengi huanza hadithi hii katikati. Wamisionari wa Berlin na wale wa Moravian waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na huduma ya uponyaji ikafuatana na Injili; hospitali za Kilutheri za Matema na Itete, zilizo chini ya Dayosisi ya Konde, zasimama katika urithi huo. Mwaka 1988 mpango wa kudhibiti UKIMWI mkoani Mbeya ulipata msaada wa shirika la Kijerumani la GTZ. Hata hivyo, miaka ya tisini haikuwa na dawa ya kumpa mtu wa kawaida. Sisi tuliokuwa wachungaji vijana wakati ule tulizika watu wa rika letu, na mara nyingine mume na mkewe katika mwaka mmoja. Mwaka 2003 Rais George W. Bush wa Marekani alianzisha mpango wa PEPFAR, na Oktoba 2004 Serikali yetu ikaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Mwaka 2005 Tanzania iliwekwa pamoja na Angola na Uganda kuwa nchi tatu za kwanza katika mpango wa Rais huyo wa kupambana na malaria, ugonjwa ambao watu wa mwambao wa Kyela wameujua kuliko wageni wote walioandika juu yake. Kwa hayo yote shukrani ni deni letu, na makala hii isisomwe kana kwamba inalikana.

Jambo moja la kiutendaji lapaswa kueleweka kabla ya kuendelea. Dawa zenyewe, kwa sehemu kubwa, zimekuwa zikinunuliwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria. Fedha za PEPFAR ziliwalipa hasa watu na kazi: washauri nasaha, watunza takwimu, wahudumu wa ngazi ya jamii wanaomfuata mgonjwa aliyeacha kuja kliniki, usafirishaji wa sampuli za damu kwenda maabara ili kupima wingi wa virusi. Kwa hiyo mhubiri anayesema kwamba dawa zipo na hakuna tatizo, na yule anayesema kwamba dawa zimekwisha nchini, wote wawili wanakosea. Kidonge chaweza kuwamo kabatini na mgonjwa asikifikie, kwa sababu aliyekuwa akimwita kwa simu, au kumfuata hadi shambani, hayupo tena kazini.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90 ili ichunguzwe upya. Siku nne baadaye mashirika yaliyokuwa yakitekeleza miradi yakaambiwa yaache kazi mara moja. Mwishoni mwa mwezi huo na mwanzoni mwa Februari ukatolewa msamaha kwa huduma za kuokoa maisha, nao ulikuwa na mipaka yake: dawa kinga dhidi ya VVU iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za shirika la USAID zimefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo, lililoundwa mwaka 1961, likafikia mwisho wake. Wamarekani hawakuwa peke yao. Februari 2025 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027, na Novemba mwaka huo Mfuko wa Dunia, uliokuwa ukitafuta dola bilioni 18, uliahidiwa dola bilioni 11.34.

Tuusome tena msamaha ule tukiwa tumesimama Kasumulu. Dawa kinga kwa wajawazito na wanaonyonyesha: vema. Dereva wa lori hakutajwa. Mvuvi hakutajwa, wala mhudumu wa baa, wala binti anayeuza chakula usiku kwenye maegesho ya magari. Yaani wale ambao kwa kazi zao wako karibu zaidi na hatari ndio walioachwa nje ya mlango. Hatujui kama aliyeandika mwongozo ule aliwahi kuuona mji wa mpakani. Hata hivyo andiko lake lafanana na mahubiri fulani ya kwetu, yale yanayowahurumia wagonjwa wasio na lawama na kuwanyamazia wengine, na kwa sababu hiyo hatuna haki ya kulishangaa sana.

*Methali iliyopanda mimbarini*

Hoja tuliyoisikia mara nyingi kuliko zote haikutoka katika Maandiko, ila katika methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika usharika mmoja, ambao hatutautaja, mhubiri aliisema mara tatu, na kila mara waumini walimalizia pamoja naye kwa kicheko. Alikuwa mzungumzaji hodari. Tulimtazama mama mmoja wa makamo aliyeketi safu ya nyuma, naye hakucheka. Hatukumwuliza sababu, na pengine ilikuwa nyingine kabisa. Lakini tangu siku ile hatujaweza kuisikia methali hiyo kwa masikio yale ya zamani.

Methali ni hekima yenye mahali pake. Hii humfaa kijana mwenye nguvu anayengoja urithi badala ya kushika jembe. Mgonjwa si kijana huyo. Mtu anayemeza kidonge kila siku, anayehudhuria kliniki kwa tarehe, anayelima mpunga wake na kuwasomesha watoto wake, anajitegemea kadiri mwanadamu awezavyo. Asichoweza ni kutengeneza dawa nyumbani kwake, kama ambavyo sisi wahubiri hatuchapi Biblia zetu wenyewe. Kumwambia kwamba shida yake imetokana na kutegemea ni kumhamishia mgonjwa kosa ambalo, kama ni kosa, lilifanywa katika ofisi zilizo mbali naye. Rafiki za Ayubu walifanya hivyo kwa maneno mazuri kuliko haya yetu, na mwisho wa kitabu kile twaujua. Wanafunzi nao, katika Yohana sura ya 9, walimwona kipofu wakauliza nani aliyetenda dhambi, wakapata jibu lisilolingana na swali lao.

Wapo watakaosema kwamba tunalipinga Azimio la Arusha. La hasha. Azimio la mwaka 1967 liliwaonya viongozi wa taifa wasiufanye msaada wa nje na fedha kuwa msingi wa maendeleo, na onyo hilo lingekuwa na faida kubwa kama lingefuatwa katika mipango ya afya kwa miaka hii ishirini iliyopita. Lakini lilimlenga mwenye kupanga. Kulichukua neno lililoandikwa kwa ajili ya mpanga bajeti na kulitupa juu ya mgonjwa ni ufafanuzi mbaya wa andiko, na tungempunguzia alama mwanafunzi yeyote ambaye angeitendea hivyo barua ya Paulo.

*Je, Gatu amejibiwa?*

Hoja ya pili ni ya wasomi, na tumeisikia hata katika semina zetu wenyewe. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alitoa wito kwamba wamisionari na fedha za kigeni zisimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yapate kujijua na kusimama. Mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote, ulipokutana Lusaka, uliunga mkono wito huo. Sasa wapo wanaosema kwa mzaha nusu na kweli nusu kwamba alichokiomba Gatu, Trump amekitoa. Tulicheka tulipoisikia mara ya kwanza. Lakini tukiipima, kauli hii haisimami. Wito wa Gatu ulikuwa uamuzi wa mpokeaji, uliotolewa hadharani, uliojadiliwa kwa miaka, na uliolenga kukomaza uhusiano kati ya kanisa na kanisa. Amri ya Januari 2025 ilikuwa uamuzi wa mtoaji peke yake, na notisi yake ilihesabiwa kwa siku, kama si kwa saa. Anayevua koti kwa hiari na anayevuliwa njiani wote huhisi baridi ile ile, lakini mmoja wao alikuwa amejiandaa.

Katika Dayosisi ya Konde hoja hii huvaa vazi la historia ya kwetu, na hapo ndipo inapokuwa na nguvu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza hali hiyo ilirudi. Kanisa likabaki yatima, na halikufa. Wainjilisti na wazee Waafrika waliendesha ibada, walifundisha kipaimara, walizika na kufariji. Ni historia ya kujivunia, nasi tumeifundisha kwa miaka mingi bila kuchoka. Mhubiri husema basi: Bwana aliyelilinda kanisa lisilo na wamisionari atawalinda wagonjwa wasio na wafadhili.

Hapa lazima tuseme hapana, kwa upole lakini kwa uwazi. Injili haihitaji jokofu wala lori. Mwinjilisti asiye na mshahara aliweza kulima mpunga asubuhi na kufundisha jioni, na Neno halikupungua nguvu kwa sababu ya kuchelewa. Virusi havina subira hiyo. Mtu akiacha dawa, virusi hurudi kwa wingi katika majuma machache. Akizimeza kwa kuruka-ruka, virusi vyaweza kuwa sugu, na dawa iliyomfaa jana isimfae kesho. Mama mjamzito aliyekatiziwa tiba aweza kumwambukiza mtoto ambaye angezaliwa salama. Anayeanza dozi ya kifua kikuu ya miezi sita na kuishia katikati ni hatari kwake mwenyewe na kwa wote walalao naye chumba kimoja. Kuyalinganisha mambo haya na kukosa mmisionari ni kuusahau mwili, na theolojia inayoungama kwamba Neno alifanyika mwili haina ruhusa ya kuusahau.

Isitoshe, historia yenyewe husimuliwa nusu. Kanisa lile yatima halikuachwa peke yake. Baada ya Wajerumani kuondolewa katika vita vya kwanza, ndugu wa Kiskoti wa Livingstonia, kutoka ng'ambo ya mto huo huo Songwe, walizisimamia stesheni za Konde hadi Wajerumani waliporejea katika miaka ya 1920. Msaada ulivuka pale pale panapovuka malori leo. Anayetaka kuitumia historia ya Konde kuthibitisha kwamba yatima hahitaji jirani ameusoma ukurasa mmoja na kuufunika ule unaofuata.

*Neno haki*

Vijana wetu wa chuo wana hoja ya tatu, na twawapenda kwa ajili yake, ingawa nayo haijakamilika. Wao husema: afya ni haki ya binadamu, kwa hiyo aliyekata msaada amevunja haki. Wanataja Tamko la Ulimwengu la mwaka 1948, ibara ya 25. Wengine hutaja makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet katikati ya mwaka 2025, kwamba kukatwa kwa fedha za USAID kwaweza kuleta vifo zaidi ya milioni 14 ifikapo mwaka 2030. Makadirio hayo ni kazi ya wataalamu, lakini ni makadirio. Yanapotamkwa mimbarini kama idadi ya makaburi yaliyokwisha kuchimbwa, humpa mpinzani nafasi rahisi ya kuikanusha kweli yote.

Swali gumu ni hili: haki dhidi ya nani? Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unatambua katika ibara ya 12 haki ya kila mtu kupata kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Marekani iliutia saini mwaka 1977 na haijauridhia hadi leo. Ibara ya 2 ya mkataba huo yataja msaada na ushirikiano wa kimataifa, lakini haikutaja kiasi, wala nchi gani impe nani. Akisema mtu kwamba mkazi wa Kasumulu anaweza kuidai hazina ya Washington kama anavyodai mshahara wake, amesema zaidi ya sheria inavyosema. Na mdaiwa wa kwanza wa haki hiyo yuko karibu zaidi: ni dola yetu wenyewe. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda haki ya kuishi katika ibara ya 14. Haki ya kusaidiwa wakati wa maradhi imewekwa katika ibara ya 11, ndani ya sehemu ambayo ibara ya 7 inaizuia isitekelezwe mahakamani. Mwananchi hawezi kuishtaki. Jambo hilo hatujalisikia likihubiriwa hata mara moja.

Je, basi neno haki halina kazi hapa? Linayo, ila yatupasa kulinoa. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia mkataba ule, katika ufafanuzi wake wa mwaka 2000 juu ya haki ya afya, ilieleza kwamba kurudi nyuma kwa makusudi kutoka kiwango kilichokwisha kufikiwa kunadhaniwa kuwa ni kosa, na mzigo wa kujitetea uko juu ya anayerudi nyuma. Kamati ilikuwa ikinena na nchi wanachama wa mkataba. Hata hivyo, hapo pana tofauti ambayo dhamiri ya Mkristo yaweza kuishika hata pale mkono wa mahakama usipofika. Kutoanza kutoa ni jambo moja. Kuanza, kumfanya mtu apange uhai wake juu ya ulichokianza, kisha kukiondoa kwa siku chache bila kumkabidhi kwa mwingine, ni jambo jingine. La kwanza laweza kuwa uchoyo. La pili ni kumdhuru mtu, na mtu kutodhuriwa ni haki ambayo hata wasiopenda neno misaada huikubali.

*Luka 10 na mwenye nyumba ya wageni*

Twastaajabu kwamba katika mahubiri yote tuliyoyasikia, mfano wa Msamaria ulitumika mara nyingi na mstari wa 35 haukufafanuliwa kamwe. Mahubiri huishia barabarani, kwenye mafuta na divai, na pengine juu ya punda. Lakini Luka anaendelea. Msamaria alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akamwuguza. Kesho yake akatoa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akampa mwenye nyumba, na akaahidi kwamba gharama itakayozidi ataifidia atakaporudi. Rehema ya Msamaria, kwa hiyo, ina sehemu tatu: alichotenda kwa mikono yake, alichotoa taslimu, na alichoahidi. Sehemu ya tatu ndiyo iliyomwezesha mwenye nyumba kumpokea mtu asiyemjua, asiye na nguo wala fedha.

Tuulize swali ambalo mfano hauulizi. Kama Msamaria asingerudi, je? Majeruhi yuko kitandani, jeraha halijafunga, dinari mbili zimekwisha. Hakuna atakayesema kwamba Msamaria ni sawa na kuhani na Mlawi, kwa maana wao hawakusimama kabisa. Wala hakuna atakayesema kwamba hakufanya kosa. Ahadi yake ilikwisha kuwa sehemu ya matibabu. Hili ndilo tunaloliona katika mambo ya mwaka 2025, na si mfano wa mbali. Mashirika yaliyokwisha kutenda kazi kwa mikataba ya Serikali ya Marekani yalikwenda mahakamani huko kudai malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika, yapata dola bilioni 2. Jaji Amir Ali aliamuru yalipwe, na tarehe 5 Machi 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikataa kuizuia amri yake. Wenye nyumba za wageni walikuwa wamekwenda na madaftari yao. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama hiyo hiyo iliiruhusu Serikali kuzuia dola bilioni 4 nyingine za misaada zilizokuwa zimepitishwa na Bunge lao. Tuseme pia, ili tusiwachanganye watu na dola yao, kwamba Februari 2025 mashirika ya Kilutheri ya Marekani yanayohudumia wahamiaji yalishambuliwa hadharani kwa kupokea fedha za serikali, na Askofu Elizabeth Eaton wa Kanisa la ELCA alisimama kuyatetea. Ndugu zetu wa huko nao walivuliwa koti.

Luther angetusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akiifafanua Amri ya Tano, anafundisha kwamba anayeivunja si yule tu anayetenda ubaya, bali pia yule anayeweza kumwokoa jirani na asifanye hivyo. Mahubiri yetu juu ya amri hiyo huishia kwenye mapanga na utoaji mimba. Tungependa kuona mwanafunzi mmoja akiihubiri mbele ya watu wanaopanga bajeti.

Maana bajeti nayo ni yetu. Aprili 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya, na robo karne baadaye nchi nyingi, yetu ikiwamo, hazijakaa katika kiwango hicho. Katika bajeti ya 2025/26 Serikali ilipendekeza tozo za nyongeza katika bidhaa na huduma kadhaa, mafuta ya magari yakiwamo, ili kuuchangia Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 2023. Sisi twaiona hatua hiyo kuwa njema, ingawa imekuja kwa kusukumwa. Dereva aliyengoja karatasi Kasumulu, yule ambaye mwongozo wa Februari haukumtaja, sasa anachangia dawa kila ajazapo tangi. Awe basi na sauti katika jinsi fedha hiyo inavyotumika.

Na kanisa je? Mwaka 1992 makanisa yalitiliana saini na Serikali mkataba wa maelewano juu ya huduma za jamii, na tangu hapo tumejivunia kuwa wabia. Kwa lugha ya Luka, sisi ndio mwenye nyumba ya wageni: tuna vitanda, tuna majeruhi, na tumeachiwa hesabu. Mfano haumsifu mtu huyo wala kumlaumu. Hautuambii hata kama aliamini ile ahadi. Lakini tunafahamu kituo kimoja cha kanisa ambacho kiliwaachisha kazi wahudumu wa mradi kwa barua ya mistari minne, siku ile ile fedha ziliposimama, bila mchungaji kukaa nao hata kwa sala. Mmoja wao alituambia kwamba aliipata barua hiyo akiwa njiani kwa pikipiki kumfuata mgonjwa. Alikwenda, akamwona mgonjwa, ndipo akarudi kukabidhi pikipiki.

Mwaka 1523 wakristo wa mji wa Leisnig walianzisha sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini na wagonjwa, na Luther akawaandikia dibaji. Mpango ulikuwa mzuri; ulikwama hasa kwa sababu baraza la mji lilisita kukabidhi mali zilizopaswa kuingia sandukuni. Tunautaja kwa sababu sharika kadhaa zimeanza kuzungumzia sanduku la namna hiyo: nauli ya mgonjwa kwenda kliniki, posho ndogo ya mhudumu wa jamii, gharama ya kumpigia simu mtu aliyekosa tarehe yake. Sanduku la usharika halitanunua dawa wala mashine za maabara, na asidanganywe mtu kwamba litachukua nafasi ya dola. Laweza kununua petroli ya pikipiki ile.

Tunawaomba wachungaji na wainjilisti wa sharika za mpakani, upande wa Songwe na upande wa ziwa, watuletee mahubiri yao ya kipindi hiki jinsi yalivyohubiriwa, bila kuyasahihisha, ili tuyasome pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu katika somo la homiletiki. Tungefurahi zaidi kupata yale yaliyohubiriwa kwa Luka 10, na hasa kama yupo aliyefika mstari wa 35.